Baridi ya Nairobi haitoshi kupoza kompyuta

Ukiuliza Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, kuhusu kompyuta iliyoongezewa kasi kupita ile ya kiwandani, hukosi wa kukwambia: "Hapa si Mombasa, baridi yetu inatosha." Kuna ukweli kidogo. Chumba kikipoa nyuzi 5, prosesa, yaani chipu inayofanya kazi za kompyuta, nayo hupoa takriban nyuzi hizo hizo.

Lakini tupige hesabu. Joto linalozalishwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, na kwa kipeo cha pili cha volteji. Ongeza kasi kwa asilimia 10, upandishe volteji kutoka 1.2 hadi 1.35: joto linalozalishwa linazidi kwa karibu asilimia 39. Joto hilo haliondoki lenyewe eti kwa kuwa nje ni baridi ya Julai, lazima lisukumwe na feni. Tena mji huu uko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo feni ileile, kwa mzunguko uleule, hubeba joto kidogo kuliko pwani. (Hili wengi hawalitaji kabisa.)

Anza na feni mbili, moja ya kuingiza hewa na moja ya kuitoa, kisha upanguse vumbi. Programu ya kupima joto la prosesa ikionyesha karibu nyuzi 90 kazi ikiwa nzito, shusha volteji kwanza.