Vumbi la mbao: zima taa, washa tochi

Fundi unayefanyia kazi banda la uani au gereji ya nyumbani, jaribu hili leo usiku. Ukimaliza kupiga msasa, fagia, zima taa, washa tochi moja na uitazame kwa pembeni. Ule moshi unaocheza kwenye mwanga ni mbao, na umekuwa ukiuvuta tangu asubuhi.

Maranda hayatusumbui sana sisi wa afya ya kazini; yanaanguka, yanazolewa. Tunachokihofia ni unga laini, hasa chembe za chini ya mikroni 10. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70, kwa hiyo chembe hizo huzioni moja moja, na huelea kwa saa nyingi. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hasa ya pua. Mvule nao huwasha ngozi na unaweza kuamsha pumu. Waliowahi kuuranda wanazijua chafya zake.

Basi likamate linapotokea. Unganisha mashine ya msasa na kifyonza vumbi kwa bomba, na katikati weka ndoo yenye mfuniko uliokaza. Bomba la kuingiza lielekee ubavuni mwa ndoo ili hewa izunguke: vumbi zito litabaki humo na chujio halitaziba upesi. Kile kifuko cha kitambaa kinachokuja na mashine hushika maranda, unga kikaurudisha hewani.

Kinachoponyoka kitolewe nje. Banda la mita 4 kwa 5, kimo mita 3, lina mita za ujazo 60. Feni ya kutolea hewa ya mita za ujazo 600 kwa saa huibadilisha hewa hiyo mara 10 kwa saa, ilimradi dirisha la upande wa pili liko wazi. Ielekeze upepo unakokwenda, si kwenye kamba ya nguo za jirani! Kama hakuna pa kutolea, funga chujio la daraja la MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa chujio kunasa chembe ndogo) nyuma ya feni na uiache ikizunguka hata saa moja baada ya kazi. Wavu wa kiyoyozi haufai, matundu yake ni makubwa mno.

Feni hailindi pua iliyoinamia msasa. Vaa barakoa ya N95 au FFP2 iliyobana. Ndevu huiachia mianya, na kitambaa cha kujifunga usoni ni kujidanganya.

Kuna tabia moja inayoharibu yote haya: kujipuliza kwa kompresa jioni. Unga uliokwisha tua unarudi hewani wote. Futa meza kwa kitambaa kibichi, na ovaroli uivulie hukohuko bandani, kabla mtoto hajakurukia mlangoni.