Kisiki hai ni nini?

Kisiki hai ni kisiki cha mti uliokatwa ambao juu umekwisha, lakini mizizi yake haijafa. Dodoma na mikoa ya jirani neno hili limepata maana ya pili: njia ya kurudisha miti ya asili shambani bila kupanda hata mche mmoja.

Ingia shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, mwezi wa Oktoba, miezi mitano au sita tangu mvua ikatike. Kila kitu kimekauka, ila hapa na pale kuna kichaka cha kufika gotini, kibichi kabisa. Mwenye shamba hukifyeka kila mwaka, nacho kila mwaka huchipua tena. Maji kinayapata wapi? Chini yake kuna mizizi ya mgunga au mkwaju uliokatwa pengine kabla hajazaliwa. Anachokiita kichaka ni mti ambao haujawahi kuachwa ukue.

Kazi yenyewe yataka panga kali na jicho tulivu. Kisiki kimoja kinaweza kuwa na machipukizi hata 20, yote yakigombea maji yale yale. Unachagua mawili au matatu, manene na yaliyonyooka, mengine unayakata. Uliyoyaacha unayapogolea matawi ya chini, ukikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Kisha unafunga kipande cha kitambaa, ili mchungaji na mtafuta kuni wajue kwamba mti huu unatunzwa. Vijiti ulivyokata vikikauka ni kuni.

Mche wa kiriba, yaani uliooteshwa kwenye kifuko cha plastiki, hauna bahati ya kukuta mizizi mirefu tayari. Unaingia ardhini na mzizi wa urefu wa kiganja, halafu unakutana na kiangazi cha zaidi ya nusu mwaka, mchwa na mbuzi. Tony Rinaudo, raia wa Australia, aliyaona hayo huko Maradi, Niger, ambako miche mingi aliyopanda ilikufa. Mwaka 1983 alisimamisha gari apunguze upepo wa magurudumu ili lipite mchangani, akatazama kichaka kilichokuwa karibu na kutambua majani ya mti anaoufahamu. Njia aliyoianza na wakulima wa pale ikaenea, na inakadiriwa kwamba Niger imerudisha miti kwenye hekta milioni 5 hivi. Mmoja wa miti hiyo, uitwao gao kwa Kihausa, hupukutisha majani wakati wa mvua, kwa hiyo hauutii uwele kivuli.

Watu wengi wakisikia kuenea kwa jangwa hufikiria mchanga wa Sahara ukisogea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1994 wa kupambana na hali hiyo unasema jambo jingine: ni kuharibika kwa ardhi katika maeneo makavu, kwa sababu ya hali ya hewa na shughuli za binadamu. Yaani jangwa linaanzia pale pale shambani, udongo ukibaki uchi, mvua ikipita juu yake badala ya kuzama.

Kwa nini basi miti ya asili, si mti wowote unaostahimili ukame? Waulize watu wa Baringo, Kenya. Mathenge, mti wa kutoka Amerika, ulipandwa huko miaka ya 1980 kwa nia njema. Ukatapakaa, ukaziba malisho, maganda yake yakaharibu meno ya mbuzi, hata mwaka 2006 wananchi wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi kama ushahidi.

Kwangu mimi, sehemu ngumu ya kisiki hai ni mifugo. Chipukizi laini ni chakula cha mbuzi, na uzio wa mtu mmoja hautoshi kijiji kizima kikichunga ovyo. Wasukuma walikuwa na jibu lao zamani: ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza Shinyanga mwaka 1986, uliufufua utaratibu huo, na miti mingi iliyorudi katika ngitili ilichipua yenyewe, kutoka kwenye visiki na mbegu zilizokuwa tayari ardhini.