Koo linauma upande mmoja na mdomo haufunguki? Huenda ni jipu la tonsili, njoo siku hiyo hiyo

Kila mwaka kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba kunakuwa na ile wiki ya dunia ya kuhamasisha watu kuhusu usugu wa dawa, na sisi wa kitengo cha masikio, pua na koo tumeona badala ya kurudia tu "maliza dozi, maliza dozi" tuongee juu ya ugonjwa mmoja ambao dozi za kemisti huuficha mpaka unatufikia umeiva. Ni jipu la tonsili. Sababu ingine ni malalamiko. Dawati la huduma kwa wateja linapokea mengi ya aina moja: nilikuja na koo nikadungwa sindano ndani ya mdomo na sijapigwa hata picha moja, niliambiwa nilazwe na mimi nina mafindofindo tu, nilitolewa zahanati ya mtaani usiku nikapelekwa hospitali ingine bila kuelezwa. Wanaoandika hivo hawana ubaya, ni haki yao kuuliza, na hapa nawajibu wote pamoja.

Kwanza mahali jipu hukaa. Wengi wanadhani liko ndani ya tonsili yenyewe. Haliko. Usaha unajikusanya nje ya ganda la tonsili, kati yake na msuli wa ukuta wa koo, na sana sana upande wa juu, ndio maana mtu anaweza kujimulika na tochi ya simu mbele ya kioo, asione madoa meupe, akajiambia yuko sawa na kumbe usaha uko nyuma ya pazia ya nyama. Wanaopatikana nalo zaidi ni vijana na watu wazima wa kati ya miaka 15 na 40 hivi, na wavutaji sigara wako kwa hatari kubwa kidogo. Bakteria wa streptokokasi huwa hapo, pamoja na wale wasiopenda hewa, na ndio hao huleta ile harufu.

Sasa dalili, na hapa nitakaa kidogo. Mtu huanza na koo la kawaida, pande zote mbili, homa kidogo, siku mbili tatu. Ameze Panadol, apate nafuu ya saa kadhaa, aende kazi. Halafu maumivu yanahamia upande mmoja na kukwama hapo hapo. Sikio la upande huo nalo linaanza kuuma, na sikio lenyewe halina shida yoyote, ni mshipa wa fahamu unaohudumia koo na sikio pamoja. Kumeza kunakuwa vita, hadi mate, kwa hivyo unapata mtu amekaa kwa benchi la wagonjwa na kitambaa mkononi anajipangusa mate kila saa na ameinamisha kichwa upande unaouma. Sauti inabadilika, anaongea kama mtu mwenye kipande cha muhogo wa moto mdomoni. Pumzi inanuka. Tezi za shingo chini ya taya zinavimba na kuuma ukigusa. Na kubwa kuliko zote, mdomo unakataa kufunguka.

Hiyo ya mdomo naomba uishike vizuri kuliko zingine zote. Usaha ukikaribia misuli ya kutafunia, misuli inakaza. Mtu mzima wa kawaida anaweza kupanua mdomo mpaka vidole vyake vitatu, vimepangwa wima mmoja juu ya mwingine, vikapita kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Jaribu sasa hivi ukiwa mzima ujue kipimo chako. Siku koo linauma upande mmoja na vidole viwili ndio vinapita, au kimoja, usiende kemisti, usingoje Jumatatu, njoo siku hiyo hiyo. Na tafadhali ni vidole mbele ya meno tu, hakuna kusukuma mkono huko ndani.

Wanaotafuna miraa na muguka huwa wanatuambia taya limechoka juu walikuwa na kikao kirefu usiku. Inaweza kuwa kweli, lakini taya la kuchoka halileti homa na halikuzuii kumeza mate. Wengine wanakuja na karatasi ya maabara ya mtaani imeandikwa taifodi, wameshatumia dawa za taifodi wiki nzima, na hakuna mtu aliyewaambia wafungue mdomo. Hapa nitasema wazi: kile kipimo cha Widal kinachofanywa kila kona ya Nairobi hakiaminiki, na homa yenye koo la upande mmoja haitafutwi kwa taifodi. Wala kwa malaria kama hujatoka nje ya jiji hivi karibuni, Nairobi iko juu na malaria hapa ni kidogo sana. Angalieni koo kwanza.

Na kuna hii ya kukata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, ambayo nilidhani ingekuwa imeisha sasa. Haijaisha. Mtoto au kijana akiwa na koo lisilopona kuna mtu anapigiwa simu, anakuja na wembe au na ule uma wake, anakata kilimi kwa sababu ati ndicho kinachosababisha. Katika jipu la tonsili kilimi hakina kosa, kimesukumwa tu na uvimbe kikaegemea upande wa pili, na ukikikata usaha unabaki pale pale alafu umeongeza kidonda, damu nyingi, pepopunda, na maambukizi ya damu kama wembe umetumika kwa mwingine. Mzazi ukimwita mtu wa hivo hujamsaidia mtoto. Sina njia laini ya kusema hilo.

Sasa tukija kwa uchunguzi wenyewe, maana ndio chanzo cha malalamiko. Jipu hili linatambuliwa kwa macho na mikono. Tunakukalisha wima, taa ya kichwani inawashwa, kijiti cha kukandamiza ulimi kinaingia polepole kwa ule upenyo mdogo uliobaki, na tunaangalia vitu vitatu: kaakaa laini upande mmoja limefura na kuwa jekundu juu ya tonsili, tonsili imesukumwa chini na katikati, kilimi kimetazama upande wa pili. Vikikutana hivyo vitatu na mdomo usiofunguka, mtu aliyefunzwa hahitaji picha ndio aanze kazi. Saa ingine ni uvimbe tu ambao bado haujafanya usaha, na kwa macho peke yake hizo mbili zinafanana, ndio maana sindano inaingia.

Hiyo sindano ndio kipimo na ndio matibabu, kwa wakati mmoja. Tunapuliza ganzi, tunangoja ishike, unainama mbele kidogo na beseni chini ya kidevu. Kile kifuniko cha plastiki cha sindano tunakikata ncha na kukirudisha, ili sentimita moja tu ya chuma ndio ibaki nje, kwa sababu ule mshipa mkubwa wa damu wa shingo unapita karibu sentimita 2.5 nyuma na kando ya tonsili na hatutaki kuufikia. Tunaanza pale juu palipofura zaidi. Ukiona bomba linajaa kitu cha manjano kinachonuka, jibu limepatikana, na mara nyingi dakika chache baadaye mtu aliyekuwa hawezi kumeza mate anaomba maji. Usaha usipotoka juu tunajaribu katikati, halafu chini, na usipotoka kabisa hatusemi jipu halipo, tunakuwekea dripu na antibaiotiki za mshipani, tunakuangalia kwa saa 24 hivi, na hapo ndio picha inaweza kuitishwa. Kwa wengine tunapasua kidogo badala ya kuvuta na bomba. Watu husema dawa ya jipu ni kulitumbua na ni kweli, lakini hili halitumbuliwi na kucha, wala kijiti cha meno, wala mpini wa kijiko. Likipasuka ukiwa umelala, usaha unaweza kwenda kwa mapafu.

Ultrasaundi inasaidia kama ipo na mdomo unaruhusu. Skani ya CT tunaipeleka kwa wale ambao mdomo umefunga kabisa, au shingo imevimba na kukakamaa, au tunashuku usaha umeshuka ndani zaidi. Nani akuhukumu ukitaka skani, unataka uhakika, naelewa, ila skani kwa kila koo ni mionzi na pesa na foleni, na wakati unangoja usaha haukungoji.

Damu tunapima, lakini kwa sababu zingine: sukari, kwa maana mwenye kisukari jipu kwake linaenda mbio na homa inaweza kuwa kidogo, figo kama hujakunywa maji siku nyingi, na kipimo cha HIV ukikubali. Tonsili zikiwa zimefura pande zote mbili sawasawa na kijana amechoka wiki nzima, tunafikiria virusi, na huyo akipewa amoksilini anaweza kutoka vipele mwili mzima. Jino la mwisho la chini likioza pia hufunga mdomo, hivyo tutagonga meno yako, usishangae.

Watoto wadogo ni habari tofauti. Chini ya miaka mitano jipu mara nyingi huwa nyuma ya koo, siyo kando ya tonsili, na mtoto anakataa kugeuza shingo. Kuna pia ule uvimbe wa kidaka tonge, kile kifuniko cha njia ya hewa, ambao umepungua sana tangu Kenya ilipoanza chanjo ya pentavalenti mwaka 2001, lakini ukiona mtoto ameketi ameinama mbele, mate yanamwagika, pumzi inapiga mluzi, usimlaze na usimtie kijiko mdomoni kumwangalia koo, mbebe vile vile alivyoketi mpaka hospitali.

Kuhusu kemisti. Antibaiotiki zinauzwa kwa cheti cha daktari, kinyume na hapo ni kosa chini ya Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, na Bodi ya Famasia na Sumu inaweza kukamata dawa, kufunga duka na kumpeleka mwenyewe kortini. Nasema hivi si kutisha mtu. Mgonjwa ananunua vidonge sita vya amoksilini kwa sababu pesa iliyoko ni ya vidonge sita, homa inashuka, usaha unabaki, na tukimwona siku ya saba bakteria waliobaki ni wale wagumu. Wengine wanatuambia, "Daktari, nipige tu sindano ya antibaiotiki niende kazi." Antibaiotiki za matako hazitoi usaha uliofungiwa. Zinafanya kazi ukishatolewa.

Taratibu sasa, nizipange maana kila siku kuna mtu anakwama hapa. Zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na 3, wakishuku jipu hili wanakuandikia barua ya rufaa kwenda hospitali iliyo na mtu wa koo, iwe ya kaunti au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta (KNH). Barua iwe na jina kama lilivyo kwa kitambulisho, saa ulioonwa, dawa ulizopewa na saa, muhuri na sahihi. Usibadilishe tarehe wala kuongeza kitu, kughushi hati ni kosa chini ya kifungu cha 349 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kinafika miaka mitatu, na ndivyo ilivyo pia kwa zile barua za mapumziko ya kazi. Bima ya afya ya serikali sasa ni SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, unajisajili kwa *147# na kitambulisho, na wasio na mshahara wa kila mwezi malipo ya chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Jisajili ukiwa mzima. Lakini hata kama hujajisajili, hata kama huna shilingi, ukifika huwezi kupumua vizuri au huwezi kumeza mate hiyo ni dharura, na Katiba ya 2010 kifungu cha 43(2) inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ukizuiliwa getini kwa ajili ya malipo omba jina la afisa, andika saa, na ulete malalamiko, hayo ndiyo malalamiko tunayotaka.

Kabla ya sindano utasaini fomu ya ridhaa. Chini ya miaka 18 anasaini mzazi au mlezi, siyo binamu aliyemsindikiza, isipokuwa pumzi iko hatarini, hapo tunaanza kazi na fomu inafuata. Na una haki kuuliza leseni ya anayekutibu, awe daktari au afisa wa kliniki, hatukasiriki.

Wengi wanaenda nyumbani siku hiyo wakishaweza kunywa. Wanaolazwa ni wale walioishiwa maji, wenye kisukari, wajawazito tukiwa na wasiwasi, na ambao uvimbe unabana njia ya hewa. Rudi ndani ya saa 24 hadi 48 tuangalie tena kwa sababu usaha unaweza kujaa upya, na usingoje hiyo miadi kama pumzi inatoa sauti, shingo inavimba au inauma kwa urefu wake wote, kifua kinauma, au homa na kutetemeka vimerudi. Karibu mtu mmoja kwa kila kumi hulipata tena miezi au miaka baadaye, na kwa huyo, au kwa yule ambaye mafindofindo humsumbua kila mwaka, tunazungumza kuhusu kutoa tonsili uvimbe ukishatulia. Ukija, leta pakiti za dawa zote ulizomeza, hata zile tupu, hata zile ulipewa kwa karatasi ya kaki bila jina, hatutakugombeza, tunataka tu kujua tusikupe ile ile iliyoshindwa.