Mionzi ya asili kwenye maji ya kisima: maswali na majibu

Tunaishi Bahi, Dodoma, na tunasikia ardhini kuna urani. Je, maji ya kisima chetu yana mionzi?

Karibu maji yote ya ardhini yana kiasi fulani. Urani na thoriamu zimo ndani ya miamba, hasa graniti, na viini vyake vinapovunjika huzaa radiamu na gesi ya radoni, ambazo nazo zina mionzi. Maji yanayokaa humo kwa miaka mingi huzibeba. Ni kweli Bahi na Manyoni kuna urani, tena karibu na uso wa ardhi. Lakini visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana kabisa, kwa hiyo ramani ya madini haikujibu swali lako. Kipimwe kisima chenyewe.

Kuna mtu anapita na kifaa kinacholia, anakielekeza kwenye ndoo. Tumwamini?

Kwa maji ya kunywa, hapana. Chembe za alfa, aina ya mionzi iliyo miongoni mwa inayotafutwa mwanzoni, hazipenyi hata milimita moja ya maji. Zinaishia ndani ya ndoo. Kikikaa kimya hujajua lolote, na kikilia huenda kimesikia mawe ya ukutani. Msimlipe.

Basi yanapimwaje?

Maabara huanza na kipimo cha jumla: alfa yote na beta yote (beta ni aina nyingine ya mionzi). Maji hukaushwa taratibu, na masalia yanayobaki kwenye kisahani cha chuma huwekwa ndani ya kihesabio kwa saa kadhaa, kwa sababu kinachotafutwa ni kidogo sana. Bekereli moja ni kiini kimoja kinachovunjika kwa sekunde. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha uchunguzi wa awali cha bekereli 0.5 kwa lita kwa alfa, na 1 kwa beta. Maji ya chumvi, ambayo watu wa Dodoma mnayajua, husumbua hapa: masalia huwa mazito, nayo alfa hukwama ndani yake. Mtaalamu asiyesahihisha hilo atakupa namba ndogo kuliko ukweli. Kwa beta, sehemu inayotokana na potasiamu huondolewa kwenye hesabu, maana mwili hudhibiti wenyewe kiasi chake.

Jibu limerudi: alfa 0.8. Tufunge kisima?

Bado. Kuvuka 0.5 maana yake ni kupima zaidi, kwa kuwa namba hiyo haisemi alfa inatoka wapi. Tuchukue mtu mzima anayekunywa lita 2 kwa siku, yaani 730 kwa mwaka. Kama zote 0.8 ni radiamu-226 (aina moja ya radiamu), atapata takriban milisiveti 0.16 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini), juu ya kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha 0.1. Kama zote ni urani, atapata chini ya 0.03. Kwa kulinganisha, wastani wa dunia kutoka vyanzo vyote vya asili ni milisiveti 2.4 kwa mwaka.

Ila msishangilie urani. Kama aina zake mbili kuu zinatoa mionzi sawa, 0.8 hiyo ni kama mikrogramu 32 kwa lita, na mwongozo wa Shirika hilo ni 30. Urani ni sumu ya figo kabla hata hujafikiria mionzi yake. Ndiyo maana inapimwa pia kwa uzito.

Na wakati mnasubiri majibu, msikimbilie maji ya bwawa. Kipindupindu hakisubiri mwaka.

Nikichemsha je?

Radoni hutoka. Radiamu na urani hubaki, tena maji yakipungua huongezeka kwa kila lita. Klorini haizigusi.

Yakithibitika kuwa mabaya?

Jordan huvuta maji ya ardhini ya Disi, yenye radiamu, hadi mji mkuu wake Amman tangu 2013, na huyachanganya na maji mengine ili kuishusha. Kijijini, kisima kingine chenye maji safi kinaweza kufanya kazi hiyo. Mitambo ya kuchuja kwa utando ipo, ila hudai umeme na matunzo.

Sampuli tunapeleka wapi?

Ulizeni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na muombe maelekezo kabla ya kuchota. Kwa kawaida chupa ya plastiki huongezwa asidi kidogo ili radiamu isigande kwenye kuta zake. Ya radoni ni chupa ya kioo, inajazwa pomoni bila kiputo, bila asidi, na saa ya kuchota inaandikwa: baada ya siku 3.8 nusu ya radoni imeshapotea.