"Niko CRB, Benki Haitanifungulia Akaunti": Nani Alikwambia?

Wiki iliyopita alikuja kwangu mama mmoja anayeuza mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi. Alikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Cheti cha usajili wa jina la biashara kilikuwemo, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi) ilikuwemo, nakala ya kitambulisho na picha mbili za pasipoti pia. Karatasi zimetimia, lakini zimelala chini ya godoro miezi minane. Nikamuuliza kwa nini hajaenda benki. "Mimi niko CRB, mwanangu. Watanifukuza." CRB ni kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, nani kalipa na nani hakulipa. Deni lenyewe? Mkopo wa simu, shilingi 4,200.

Nilikaa kwenye dawati la kufungulia akaunti miaka tisa kabla ya kuanza kuwashauri wafanyabiashara wadogo, na maneno hayo nimeyasikia mpaka nayaota. Basi nayajibu mara moja, kwa maandishi, anayekuja nimwonyeshe asome.

Akaunti si mkopo. Ukiweka pesa benki, wewe ndiye unayeidai benki. Karani anayekufungulia akaunti anatakiwa ajue wewe ni nani, biashara yako imesajiliwa wapi na pesa zinatoka wapi, kwa sababu sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa haramu inamlazimisha. Ulivyolipa au usivyolipa mkopo wa simu si swali lake. Hakuna sheria ya Kenya inayosema aliyeripotiwa CRB asifunguliwe akaunti.

Sasa mbona watu wanarudi nyumbani wakisema wamekataliwa? Hapa ndipo ninapokereka. Fomu ya akaunti ya biashara huwa na visanduku: kadi, benki ya simu, kitabu cha hundi, ovadrafti. Mteja anatia tiki vyote, "nisije nikakosa kitu." Ovadrafti ni mkopo. Fomu inahamia kwa watu wa mikopo, wanavuta ripoti yako, jibu linarudi "hapana", na karani mwenye foleni ya watu ishirini hana muda wa kukueleza kwamba kilichokataliwa ni kile kisanduku kimoja. Unatoka na hadithi ya kuwasimulia soko zima. Kitabu cha hundi nacho kiache kwanza. Hundi ikirudi kwa kukosa pesa inaripotiwa CRB vilevile, na kutoa hundi hewa ni kosa la jinai. Huna haja ya mtego huo mwezi wa kwanza.

Sitakudanganya: benki ina hiari ya kumkataa mteja, na zipo zenye ukali wao. Lakini Kenya ina benki za biashara zaidi ya 30, bado hatujataja sacco na benki za mikopo midogo. Ukikataliwa moja, vuka barabara.

Ila usivuke kuingia benki unayodaiwa. Huu ndio ushauri wangu wa kila siku, na ndio unaopuuzwa kuliko wote. Biashara iliyosajiliwa kwa jina tu, si kampuni, kisheria ni wewe mwenyewe. Ukiwa na deni lililochelewa pale, benki inaweza kulikata kwenye mauzo yako ya Jumamosi, na masharti uliyotia sahihi bila kusoma yanairuhusu. Kabla ya kuchagua benki, jua mkopo wa simu uliokushinda ni wa benki gani. Mikopo mingi ya simu nyuma yake kuna benki.

"Basi nitatumia akaunti ya shemeji." Tafadhali. Pesa zilizo kwa jina la shemeji ni za shemeji. Akidaiwa, zinakatwa. Akifa, akaunti inafungwa na wewe unapanga foleni na warithi. KRA nao wataona mapato ni yake, halafu mtaanza kugombana nani alipe kodi.

"Nitasajili kampuni, jina langu lisionekane." Kampuni ni mtu mwingine kisheria, kweli, lakini CR12, hati rasmi ya kampuni, inataja wakurugenzi na wenye hisa, na siku ukiomba mkopo benki itawaangalia hao hao. Sajili kampuni kama biashara inaihitaji, si kwa kujificha.

"Nikilipa, jina linafutika siku hiyo hiyo." Hapana. Deni husomeka limelipwa, na kumbukumbu kwamba lilichelewa hubaki miaka 5 tangu ulipolimaliza. Lipa hata hivyo. Deni lililolipwa na deni lililo wazi havisomeki sawa.

"Kuna kijana wa saiba anasafisha CRB kwa elfu mbili." Hasafishi chochote. Taarifa inarekebishwa na aliyeipeleka. Kampuni za CRB zenye leseni ni tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka. Ukiona deni usilolijua, peleka malalamiko kwa maandishi.

Na wale wa apu za mikopo wanaokutisha usiku wa manane kwamba watakupeleka CRB: tangu Aprili 2020 Benki Kuu iliwaondoa wakopeshaji wasiodhibitiwa kwenye mfumo huo, na ikazuia deni lisilofika shilingi 1,000 kuripotiwa kama deni baya. Waliopata leseni baadaye ni habari nyingine. Uliza kama anayo.

Akaunti ikishafunguka, ipitishie mauzo ya kila siku, hata ya shilingi mia tano. Stetimenti ya miezi sita yenye pesa zinazoingia na kutoka ndiyo itakayokusemea siku ya mkopo.

Mama wa mitumba alirudi Ijumaa na fomu ya benki, kaijaza kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa safi. Kisanduku cha ovadrafti kilikuwa na tiki. Nikamrudisha akachukue fomu nyingine.