Anayekimbia ukatili nyumbani: wajibu wa halmashauri za England kwake

Swali la kwanza aliloulizwa mteja wangu mmoja kwenye dirisha la makazi la halmashauri lilikuwa hili: "Una ripoti ya polisi?" Hakuwa nayo. Alikuwa na begi la shule la mtoto, dawa ya pumu ya kuvuta na simu iliyokuwa inakaribia kuzima. Afisa akamwambia arudi akiipata hiyo ripoti. Alipofika mezani kwangu siku mbili baadaye, alikuwa analala na mwanawe sebuleni kwa mtu waliyefahamiana juujuu tu, na moyoni ameshakubali kwamba sheria imemkataa.

Sheria haikumkataa. Hakuna mahali popote inapodai ripoti ya polisi kabla ya halmashauri kumpokea mtu anayekimbia ukatili wa majumbani. Kazi yangu ni kushauri watu kuhusu haki za makazi, na hili ndilo ningependa kila msomaji wa Kiswahili aliyeko England alijue hata akisahau mengine yote: kinachoiwajibisha halmashauri ni hatari uliyo nayo. Si makovu, wala si karatasi.

Sheria ya Unyanyasaji wa Majumbani ilipata idhini ya Malkia tarehe 29 Aprili 2021, na kwa mara ya kwanza ikaandika wazi unyanyasaji huo ni nini. Kipigo na ukatili wa kingono vimo. Vimo pia vitisho, kumtawala mwenzako kwa amri na hofu, kumtesa kisaikolojia, na kumbana kiuchumi: kumnyang'anya kadi ya benki, kumzuia asifanye kazi, kukopa kwa jina lake. Wahusika wote wawili wanapaswa kuwa na umri wa miaka 16 au zaidi, na wawe wameunganishwa na ndoa, uchumba, mapenzi, mtoto wao au undugu, hata kama hayo yalishaisha. Hawalazimiki kuwa wanaishi nyumba moja. Mtoto anayeona, kusikia au kuathirika na hayo anahesabiwa mwathirika yeye mwenyewe, hata kama hajaguswa na mtu. Wengi huniambia, "Lakini hajawahi kunipiga," kana kwamba wanaomba radhi kwa kunipotezea muda. Hawanipotezei muda.

Tuanze na paa. Sheria ya Makazi ya mwaka 1996 inasema kwamba mwenye nyumba au chumba bado anahesabiwa hana makazi ikiwa kuendelea kuishi pale kunaelekea kumletea yeye au wanaoishi naye ukatili. Kwa hiyo ule msemo wa dirishani, "Si una nyumba?", hauna uzito. Kilichobadilika tarehe 5 Julai 2021 ni kipaumbele, yaani nani anahesabiwa miongoni mwa wanaotangulizwa kupewa makazi. Kabla ya hapo, mtu mzima asiye na mtoto aliyekimbia ukatili alilazimika kuthibitisha kwamba yeye ni dhaifu kuliko watu wengine wakikosa makazi, na wengi walishindwa mtihani huo. Siku hizi aliyekosa makazi kwa sababu ya unyanyasaji wa majumbani ana kipaumbele moja kwa moja, awe mwanamke au mwanamume, mwenye watoto au asiye nao.

Halmashauri haisubiri uchunguzi uishe ndipo ikupe mahali pa kulala. Ikiwa ina sababu ya kuamini kwamba huenda huna makazi, huenda unastahili msaada na huenda una kipaumbele, inatakiwa ikupe makazi ya muda huku ikiendelea kuchunguza. Neno "huenda" hapo lina maana kubwa, kwa sababu maelezo yako mwenyewe yanaweza kutosha kuwasha wajibu huo. Mwongozo wa serikali kwa halmashauri unazionya zisidai ushahidi wa aina moja kwa kila mtu, na zisimfuate anayetuhumiwa kumuuliza kama ni kweli. Ukiwa na barua ya daktari, ya mwalimu, au jumbe za vitisho, nenda nazo. Ukiwa huna, nenda hivyo hivyo.

Tena nenda kokote. Watu wengi wanaamini lazima waombe msaada mahali wanapoishi, yaani mtaa ule ule ambao mume anajua duka wanalonunulia maziwa. Unaweza kuomba kwa halmashauri yoyote ya England. Nyingine huuliza una uhusiano gani na eneo lao, na ni haki yao kuuliza, ila haziruhusiwi kukurudisha kwenye eneo ambalo wewe au unayeishi naye mko hatarini.

Paa peke yake halitoshi, na hapa ndipo sheria ya 2021 ilipoongeza kitu kipya kabisa. Sehemu yake ya nne, inayohusu England pekee, inazitaka halmashauri kuhakikisha kwamba aliye katika makazi salama anapata msaada akiwa humo: mtu wa kumsemea kwenye ofisi na mahakama, ushauri nasaha, msaada wa kupata nyumba ya kudumu, na wataalamu wa watoto. Wajibu huo ulianza tarehe 1 Oktoba 2021. Halmashauri husika inapaswa kupima mahitaji ya eneo lake, kuchapisha mkakati, kuutekeleza na kutoa taarifa serikalini kila mwaka. Mikakati ya kwanza ilitakiwa kuchapishwa kufikia tarehe 5 Januari 2022, na kila mmoja hupitiwa upya ndani ya miaka mitatu. Serikali ilitenga pauni milioni 125 kwa mwaka wa kwanza.

Mkakati huo hauandikwi na maofisa peke yao. Lazima kuwe na bodi ya ushirikiano ambamo wamo wanaowakilisha waathirika, watoto wao, mashirika ya hiari, huduma za afya, na polisi au vyombo vingine vya haki jinai. Kama jumuiya yenu ina chama cha kina mama, ulizeni bodi ya eneo lenu inamsikiliza nani. Mkakati ni waraka wa umma. Nimesoma kadhaa ambamo lugha za wahamiaji zimetajwa kwa sentensi moja, kisha basi.

Makazi salama yanayotajwa hapa ni ya aina kadhaa: nyumba salama zenye anwani ya siri, nyumba moja moja zilizotawanyika mitaani, makazi ya hatua ya pili kwa anayejiandaa kujitegemea, na hata nyumba yako mwenyewe ikiwekewa milango na kufuli imara ili yule mtu asiingie. Chumba cha hoteli ya kulala na kifungua kinywa hakimo. Unaweza kupelekwa huko usiku wa kwanza, inatokea sana, ila usikubali kuambiwa kwamba halmashauri imeshamaliza kazi yake.

Mkanganyiko mmoja unawachosha watu bure. Kwenye maeneo yenye ngazi mbili za halmashauri, ya wilaya ndiyo inayoshughulikia waliokosa makazi, na ya kaunti ndiyo yenye idara ya watoto na wajibu wa ule mkakati. Jijini London, halmashauri ya mtaa wako ndiyo inayokupa makazi, huku mkakati ukiwa mikononi mwa mamlaka ya jiji iliyo chini ya Meya. Ukitupwa huku na kule, mwulize afisa ni nani basi anayehusika, na umwombe akupigie simu huko ukiwa umekaa hapo hapo.

Kuhusu mkalimani nina la kusema zaidi. Nimeona mtoto wa miaka tisa akiambiwa amtafsirie mama yake mambo ambayo mtoto hapaswi hata kuyasikia. Omba mkalimani, na hupaswi kulipia. Ila Waswahili tulioko huku tunajuana, na mkalimani anayeingia chumbani anaweza kuwa shemeji wa rafiki wa mume. Una haki ya kusema huyu simtaki, na ofisi haina haja ya kujua sababu zote. Omba mwanamke kama ndiye utakayekuwa huru naye, na omba ukalimani wa simu kutoka mji mwingine, bila jina lako kutajwa. Mwanzoni mwa simu mwulize kama anakufahamu.

Viza ndiyo inayowafunga midomo wengi kuliko kitu kingine. "Ukienda kusema, watakurudisha kwenu": mnyanyasaji huirudia sentensi hiyo mpaka iwe kama sheria. Ukweli ni kwamba aliyeingia kwa viza ya mwenza anaweza kuomba kibali maalumu cha miezi 3 kwa waathirika wahamiaji, kinachomruhusu kupokea fedha za umma, yaani misaada ya serikali ambayo viza nyingi huzuia, na hivyo kuomba makazi. Tangu Februari 2024 wenza wa wanafunzi na wafanyakazi wa kigeni nao wanaweza kukiomba, ingawa wao hakiwafungulii njia ya ukaazi wa kudumu. Kibali hicho hufuta viza uliyokuwa nayo, kwa hiyo onana kwanza na mshauri wa uhamiaji aliyeidhinishwa. Na kama una mtoto, Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, kifungu cha 17, inaipa halmashauri wajibu juu ya mtoto mwenye uhitaji hata kama viza ya mama hairuhusu fedha za umma. Huko unaenda idara ya watoto, siyo dirisha la makazi.

Ukikataliwa, omba uamuzi kwa maandishi pamoja na sababu zake. Mara nyingi ombi hilo peke yake hubadilisha mazungumzo. Barua ikitoka, una siku 21 za kuomba uamuzi upitiwe upya. Wakikunyima makazi ya muda, hiyo ni njia nyingine na ya haraka zaidi: tafuta wakili wa makazi siku hiyo hiyo.

Simu ya taifa ya waathirika wa unyanyasaji wa majumbani ni 0808 2000 247, bure, saa 24. Hatari ikiwa mlangoni piga 999. Ukipiga kwa simu ya mkononi na huwezi kutoa sauti, subiri maelekezo kisha bonyeza 55, uunganishwe na polisi. Kubonyeza hivyo hakuwaonyeshi ulipo, hivyo usikate. Sikiliza maswali yao, ukohoe au ugonge simu kama wanavyokuelekeza.