Mkakati upo, muundo upo, mbona mambo hayaendi? Dhana potofu kuhusu vipengele vigumu na laini vya shirika

Mwishoni mwa miaka ya 1970, washauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani walikuwa wakitafuta jibu la swali linalosumbua viongozi wengi hadi leo: kwa nini shirika linapangwa upya mara kwa mara, idara zinavunjwa na kuunganishwa, na bado utendaji unabaki palepale? Tom Peters na Robert Waterman, wakishirikiana na wasomi Richard Pascale na Anthony Athos, wakaja na modeli ya S saba. Mwaka 1980 Peters, Waterman na mwenzao Julien Phillips wakaichapisha katika makala yenye hoja moja kuu: muundo si shirika.

Herufi S imetokana na majina ya Kiingereza ya vipengele vyenyewe. Vitatu huitwa vigumu: mkakati, muundo na mifumo. Vinne huitwa laini: maadili ya pamoja, mtindo wa uongozi, wafanyakazi na stadi. Modeli hii inafundishwa kwenye kozi nyingi za menejimenti, na wengi hutoka darasani wakiwa wamekariri orodha huku maana yake imewapita.

Dhana: vipengele vigumu ndivyo vyenye uzito, laini ni mapambo

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa hiyo niikalie kidogo.

Mgawanyo wa vigumu na laini hauhusu umuhimu. Unahusu urahisi wa kuviona na kuviandika. Mkakati unaweza kuusoma, muundo unaweza kuuchora, mfumo wa malipo au wa ukaguzi unaweza kuuwekea mwongozo. Namna meneja anavyomtazama mtu aliyeleta habari mbaya haimo kwenye mwongozo wowote, lakini kila mfanyakazi anaijua.

Tazama yaliyoikuta NASA, shirika la anga la Marekani. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga cha Columbia kiliporuka, kipande cha povu la kuhami joto kilibanduka kwenye tangi la nje na kugonga bawa la kushoto. Wahandisi walitaka bawa lipigwe picha kutoka angani ili wajue ukubwa wa jeraha. Maombi yao hayakufika mbali. Waliulizwa kama yana ulazima, wakati picha zenyewe ndizo zingeonyesha ulazima huo. Mmoja aliandika barua pepe yenye maneno makali, kisha hakuituma kwa wakubwa. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirejea duniani, na watu 7 wote waliokuwamo wakafa.

Sasa jiulize NASA ilipungukiwa na nini. Muundo ulikuwapo. Vikao vya kusimamia safari vilikuwapo, na taratibu za usalama zilijaza makabati. Bodi iliyochunguza ajali ilisema wazi katika ripoti yake ya Agosti 2003 kwamba utamaduni wa shirika ulichangia ajali ile kwa kiasi kilekile ulichochangia povu. Mtu akiniambia mtindo wa uongozi ni mambo ya semina tu, humrudisha kwenye ripoti hiyo.

Dhana: laini haipimiki

Haipimiki kwa tarakimu moja ya mwisho wa mwezi, hilo ni kweli. Lakini ina alama zake. Habari mbaya huchukua siku ngapi kutoka kwa mtu wa chini hadi kwa mwenye uamuzi? Wanaoacha kazi ni akina nani, wapya au wazoefu? Makosa madogo yanaripotiwa mangapi? Hapa kuna mtego: ripoti za makosa zikiongezeka baada ya kiongozi mpya kuingia, huenda hali imekuwa nzuri zaidi, kwa kuwa watu wameacha kuficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mashirika nayo ni hivyohivyo.

Dhana: nakili mifumo ya waliofanikiwa, matokeo yatafuata

Mwaka 1982 General Motors ilifunga kiwanda chake cha Fremont, California, kilichojulikana kwa utoro, migomo na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota kwa jina la NUMMI, na sehemu kubwa ya wafanyakazi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, chini ya chama kilekile cha wafanyakazi. Muda si mrefu ubora wa magari yaliyotoka pale ukapanda ajabu.

Kilichovutia macho ya wageni kilikuwa kamba. Ilipita juu ya mstari wa kuunganishia magari, na mfanyakazi yeyote aliyeona tatizo aliruhusiwa kuivuta. Kiongozi wa timu alikuja haraka kusaidia, na tatizo lisipotatuliwa, mstari ulisimama. Kamba ni kitu cha kununua na kufunga kwa siku moja. Ila thamani yake yote imo katika sekunde chache zinazofuata baada ya kuvutwa: anayekuja anauliza "nikusaidie nini?" au "nani amesimamisha kazi?" General Motors ilipojaribu kuhamishia mbinu hizo kwenye viwanda vyake vingine, ilihangaika kwa miaka mingi. Vifaa vilihamishika, mahusiano hayakuhamishika.

Mfano huu unavunja pia imani kwamba wafanyakazi wabaya hawabadiliki. Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni mafunzo waliyopewa, namna walivyosimamiwa na kazi ilivyopangwa.

Dhana: maadili ya pamoja ni yale yaliyoandikwa ukutani

Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika Desemba 2001 kutokana na udanganyifu wa kihasibu, ilikuwa imetangaza rasmi maadili yake manne: heshima, uadilifu, mawasiliano na ubora. Maadili halisi ya shirika utayaona kwa yule anayepandishwa cheo, na kwa kosa linalofumbiwa macho endapo mkosaji analeta fedha.

Dhana: anza na muundo, mengine yatajipanga

Modeli haina mahali pa kuanzia. Mchoro wake una maadili katikati na vipengele sita pembeni, vyote vikiunganishwa na mistari, na waandishi walikusudia iwe hivyo: hakuna ngazi, na ukigusa kimoja umegusa vingine. Viongozi huanza na muundo kwa kuwa chati mpya hutoka ndani ya wiki moja na huonekana kama hatua kubwa. Kujenga stadi mpya huchukua miaka.

Dhana: basi tushughulikie laini tu

Hapana. Watu wanaopendana lakini hawajui nani anaamua nini watachoka. Ukihubiri ushirikiano huku mfumo wa bonasi ukimlipa mtu kwa kumshinda mwenzake wa meza ya pili, watu watafuata bonasi, na sioni sababu ya kuwalaumu. Hapo tatizo lipo kwenye kipengele kigumu, na hakuna semina itakayolitibu.

Dhana: vyote saba vikikaa sawa, mafanikio ni lazima

Peters na Waterman walitoa kitabu mwaka 1982 wakisifu kampuni za Marekani walizoziona bora, na kikauzwa kwa mamilioni. Kufikia Novemba 1984 jarida la Business Week lilikuwa likionyesha kwamba baadhi ya kampuni hizo, Atari ikiwamo, zilikuwa taabani. Modeli ya S saba inatazama ndani ya shirika. Soko, washindani, teknolojia mpya na sheria haviko kwenye mchoro wake, na anayetaka kuvijua itabidi atumie zana nyingine.